Misumari Sita ya Fundi Yussuph

Fundi Yussuph ni mwongo wa siku. Naanza na hilo kwa sababu nampenda, na mtu unayempenda ukianza kumsifu watu hawakuamini. Miaka kumi na miwili nimekaa naye kibarazani, cherehani yangu kando ya yake, tukitazamana na ukuta wa soko la Tukuyu, na sikumbuki hata mara moja amempa mteja nguo yake siku aliyomwahidi. "Njoo Ijumaa" ya Yussuph ni Jumatano ya wiki inayofuata, tena kama mvua haikunyesha, na hapa kwetu mvua inanyesha.

Mteja akija amekunja uso, hapo ndipo utamjua. Kwanza humtazama aone ni mtu wa namna gani. Mwalimu atahesabiwa: nguo kumi na saba mbele yako, umeme umekatika mara nne, sindano mbili zimevunjika. Mama wa kwaya atahurumishwa: macho haya, mama, hayauoni uzi tena. Kijana wa bodaboda ataulizwa swali: hivi wewe ungefurahi suruali ikupasukie na umempakia mchumba? Wote wanaondoka wameridhika na hawana nguo. Mimi nainamisha kichwa, nakanyaga pedeli na kucheka peke yangu.

Elimu hiyo hakuipata shule, maana aliishia darasa la saba. Aliipata kwenye magazeti. Sisi mafundi kabla ya kupasua kitambaa cha mtu tunakata kwanza umbo lake kwenye karatasi, tunaliita pateni, na karatasi rahisi kuliko zote ni gazeti la zamani. Baba yake, aliyekuja hapa kutoka Songea na cherehani ya mkono, alimfundisha kukata pateni ila hakumkataza kusoma anachokata. Basi Yussuph akaanza kusoma zile kurasa za maoni, watu wanapobishana kuhusu viboko shuleni, mahari, bodaboda kuzuiwa katikati ya mji, vipaza sauti vya makanisa na misikiti. Akanogewa. Ikafika mahali akikuta makala iliyoandikwa vizuri hawezi kuipitisha mkasi. Kuna shemasi mmoja wa Kisondela amevaa koti lenye mkono mmoja mfupi kwa miaka minane, kisa aya ya mwisho ya makala ya mtu wa Dodoma kuhusu ada za shule.

Makala anazozinusuru anazitundika kwenye misumari sita iliyoko ukutani nyuma yake, na kila msumari una watu wake. Msumari wa kwanza ni wa wanaolia, wale wanaoleta mtoto, mvua na machozi kabla hawajasema wanataka nini. Wa pili ni wa wanaotisha: mkiruhusu hili leo, kesho mtaokota maiti barabarani. Kuna wanaohesabu, kuna wanaojificha nyuma ya wataalamu na Maandiko, kuna wanaouliza maswali huku jibu wamelishika mkononi. Hiyo mitano imejaa mpaka karatasi zinaanguka upepo ukivuma. Msumari wa sita una karatasi nne tu. Hao anawaita wanaokubali kwanza.

Kazi ikipungua alikuwa akishusha makala mbili zinazobishana na kuzilaza mezani sambamba, kama miguu miwili ya suruali.

"Haya, Sekela. Wote wanazungumzia viboko. Huyu kaleta mtoto aliyevunjwa kidole, huyu kaleta asilimia. Nani kakushika?"

"Mwenye mtoto."

"Kakushika mpaka lini?"

"Mpaka nitakapokwenda kununua nyanya," nilimjibu.

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akashusha moja ya zile nne. Mwandishi wake alitaka viboko viondolewe, lakini alianza kwa kueleza mwalimu mmoja na wanafunzi tisini darasani, joto, kelele, na jinsi yeye mwenyewe siku moja alivyomzaba kofi mtoto wa dada yake. Nilijikuta nimeacha kushona.

"Umeona?" alisema. "Hajakutukana, hajakutisha. Ameingia nyumbani kwako, amekaa kwenye kiti chako, ndipo akaanza kuongea."

Mke wake, Bi Rahima, alifariki mwaka mmoja kabla ya mama yangu. Kila Ijumaa akitoka msikitini Yussuph hupitia makaburi ya Waislamu, kisha anarudi kibarazani na matope kwenye viatu. Hazungumzi habari zake, na mimi sikuwa namuuliza.

Sasa nieleze habari ya makaburi yetu sisi. Wanyakyusa tunazika nyumbani. Mama yangu, Ikupa, yuko nyuma ya nyumba, kati ya migomba na mparachichi, na baba yangu, Mzee Obed, kila jioni anapeleka kiti chake pale na kumsimulia mambo ya siku: nani kaoza binti, ndizi zimepanda au zimeshuka. Kando ya kaburi kuna nafasi ya futi sita ambayo baba hapandi kitu, hata maharage. Ni yake. Ukikanyaga pale na jembe anakugombeza kama umeingia chumbani bila hodi.

Mwaka huu kijiji chetu, hapa nje ya mji kuelekea Kawetele, kikaletewa pendekezo: kuanzia sasa watu wote wazikwe eneo moja la pamoja, nyumbani basi. Aliyelipigania zaidi alikuwa jirani yetu Elina. Elina ameolewa kwenye robo eka yenye makaburi saba. Jiko lake limeegemea kaburi la babamkwe, nguo za watoto zinaanikwa juu ya mashangazi. Alikuwa na haki, na jambo hilo liliniudhi zaidi kuliko angekuwa amekosea.

Vita ilianzia kwenye kundi la kijiji la WhatsApp. Baba alituma ujumbe wa sauti wa dakika sita, akisema atakayewatenga wafu na nyumba zao migomba yake itakauka na ng'ombe wake watatupa mimba. Elina akajibu kwamba wazee wanataka kutuzika tukiwa hai. Mkutano wa kwanza ukavunjika kwa kusukumana. Mwenyekiti wetu, Jotham, mtu asiyependa kelele, akatangaza kwamba mkutano ujao hakuna kuongea. Kila upande utaleta barua moja, isizidi ukurasa mmoja, isomwe, watu wanyooshe mikono.

Baba akaja kibarazani na barua yake. Yeye na Yussuph ni marafiki wa miaka arobaini, na kila suruali aliyovaa baba tangu nizaliwe imetoka kwenye mkasi ule. Yussuph aliisoma barua kwa sauti. Ilikuwa na laana tatu, mistari miwili ya Biblia, na jina la babu yetu aliyezikwa hapo kabla ya Wajerumani.

"Msumari wa pili na wa nne," alisema Yussuph.

"Misumari gani? Barua mbaya?"

"Inatisha vizuri sana. Unamwandikia nani, Mzee Obed?"

"Wanakijiji."

"Walio upande wako wameshanyoosha mikono hata usipoandika. Unamwandikia Elina."

"Mimi na yule mtoto sina la kusema."

Yussuph alichukua chaki, akaizungusha vidoleni. "Anapikia wapi?"

"Si pale, kwenye kale kabanda. Kwenye kabuli ya mkwe wake." Baba anasema kabuli, na sitamsahihisha.

"Moshi unakwenda wapi?"

Baba anajua moshi unakwenda wapi, kwa sababu mtoto wa Elina anakohoa usiku na sisi tunamsikia.

"Unaingia ndani," alisema mwishowe.

"Andika hilo kwanza. Kisha uandike ungemfanyia nini kama wewe ndiye mwenyekiti. Habari yako iwe mwisho, tena fupi."

"Fundi! Si namkabidhi fimbo anichape?"

"Fimbo anayo tayari. Wewe unamwonyesha kwamba umeiona."

Mimi nikaingilia. Nilisema ingekuwa vizuri zaidi baba amweke mama kwenye barua: kile kiti, zile jioni, anavyomsimulia. Watu wangelia mkutano mzima. Yussuph alitikisa kichwa bila kunitazama.

"Machozi hapana. Watu wakilia leo, kesho wanaona haya kwamba walilia, na wanamkasirikia aliyewaliza." Aliinuka kutafuta uzi ambao ulikuwa mezani mbele yake. Nikaona kama amekereka, nikashindwa kuelewa sababu.

Siku mbili baadaye nilitoka kununua vifungo sokoni. Niliporudi nikamkuta Elina ameketi kwenye benchi letu, mtoto mgongoni, na Yussuph ameinamia karatasi yake, akipiga mstari kwa chaki ileile aliyoizungusha vidoleni mbele ya baba yangu. Elina alinisalimia kwa adabu. Sikumwitikia, Mungu anisamehe. Alipoondoka nikasimamisha cherehani.

"Mzee Yussuph, wewe uko upande gani?"

"Upande gani wa nini?"

"Usinifanyie hivyo. Mimi si mteja."

Aliweka mkasi chini. "Yule binti alikuja na barua inayowaita wazee washamba. Mtu akipita hapa na gauni limekaa vibaya, nimwache aende nalo?"

"Hili si gauni! Hapa tunaongelea mahali atakapolala baba yangu."

"Najua."

"Hujui," nikamwambia. "Utajuaje? Ninyi siku zote mnazika pamoja, mna makaburi yenu hapa mjini. Ninyi hamna cha kupoteza."

Alivua miwani. Akaifuta kwa kipande cha bitana, polepole, upande huu na huu, akaivaa tena. "Haya, mwanangu," alisema. "Malizia hiyo kola, mwenyewe anaipitia saa kumi." Sikumsemesha mpaka siku ya mkutano, na kwa watu wanaokaa hatua moja wao kwa wao, hizo siku nne zilikuwa ndefu kweli.

Tulikutana uwanja wa shule ya msingi, kwenye manyunyu, miavuli imejaa kama sherehe. Baba alivaa koti lake la kanisani. Alikuwa anaikunja na kuikunjua karatasi yake, na nilimwonea huruma mpaka nikatamani kuwapigia magoti watu wote wamwachie futi zake sita. Jotham akamwita Elina asome kwanza.

Elina alikabidhi mtoto kwa mwenzake, akasoma:

"Ndugu zangu, naanza na Mzee Obed. Nilipoolewa hapa sikujua kupika ndizi za mbalaga, mkewe Ikupa ndiye aliyenishika mkono akanifundisha, wala hakunicheka. Pale alipolala Ikupa ndipo mumewe anapopaswa kulala. Na yeyote mwenye mwenzake nyumbani, alale kando yake. Sina ugomvi na hao hata kidogo. Naomba kwa ajili yetu tulioishiwa ardhi. Kwangu yapo makaburi saba. Mwanangu wa mwisho amejifunza kutembea akishikilia msalaba wa babu yake. Leo akifariki mtu nyumbani kwangu, sina pa kumweka isipokuwa jikoni. Tupeni mahali."

Nilimtazama baba. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Jotham alilazimika kumwita mara mbili. Alisimama, akaanza kusoma kwa sauti ya juu kupita kiasi, kama anavyosoma neno kanisani:

"Elina anapika kwenye moshi, na mtoto wake anakohoa, mimi namsikia usiku. Hii si haki. Watu kama Elina wapewe eneo la pamoja, na mimi Obed nitakuja na jembe langu kulisafisha. Naomba kitu kimoja. Kando ya mke wangu nimebakisha nafasi ya mtu mmoja. Niachieni hiyo."

Akakunja karatasi. Jotham alizitazama zile barua mbili, akazigeuza, akajikuna shingo.

"Sasa," alisema, "hapa anayepinga ni nani?"

Mtu mmoja alianza kucheka nyuma, akafuata mwingine, mara uwanja mzima. Kuna mzee mmoja aliyekuwa amejiandaa wiki nzima kugombana, alichukua mwavuli wake akaondoka amenuna, na mpaka leo anasema tulirogwa. Mikono ilinyooshwa. Ikaandikwa kwamba eneo la pamoja litengwe, na kwamba mwenye mume au mke aliyezikwa nyumbani atazikwa kando yake. Baba alivuka uwanja kwa Elina, akamshika mikono yote miwili, akamshukuru, "Ndaga fijo, mwanangu, ndaga fijo." Mimi nililia waziwazi, na hadi leo sioni haya.

Nilimtafuta Yussuph. Alikuwa amesimama kwenye nguzo ya goli, anachunguza mshono wa koti la mtu ambaye hakumwomba.

"Uliwaambia nini?" nilimuuliza.

"Kitu kilekile. Kila mmoja aanze na anachokiona mwenzake."

"Ulijua zitakutana."

"Nguo yoyote ukiikata vizuri, pande zake zinakutana," alisema, na nikajua kwamba tumepatana.

Jumatatu baba alikuja kibarazani na mkungu mzima wa ndizi kichwani, ameng'aa kama bwana harusi. Alitaka suti. Nyeusi, vifungo vitatu, ya kuzikwa nayo. Nilimwambia aache mambo hayo, akanijibu kwamba mtu aliyepewa nafasi rasmi na kijiji hawezi kwenda kuilalia na koti la kiwiko kilichotoboka, Ikupa atamfukuza. Yussuph akashusha futi yake shingoni, akaanza kumpima. Yeye anataja, mimi naandika.

"Kifua, thelathini na nane."

Baba alikuwa amenyoosha mikono, anapiga soga. "Na wewe, Fundi? Yako umeshaishona?"

"Sisi tunavikwa sanda, Mzee. Sanda haishonwi. Kiuno, thelathini na nne."

"Na mahali? Uko karibu na Rahima?"

Yussuph aliendelea kupima. Alikuwa na pini mbili mdomoni, akazitoa, akazichoma kwenye kifuko cha shati lake.

"Kwetu watu wanalazwa kwa kufuatana, kadiri wanavyofika. Ni utaratibu mzuri, hauna tajiri wala maskini, sina neno nao. Rahima yuko mstari wa tatu. Kulia kwake kuna mtoto mchanga, kushoto kuna dereva wa lori wa Tunduru. Sasa hivi wamefika mstari wa tisa." Alisogeza futi begani kwa baba. "Mimi nitalala zamu itakaponikuta. Mkono, ishirini na nne."

Sikuandika. Nilikuwa naisikia sauti yangu mwenyewe ikisema ninyi hamna cha kupoteza.

"Mzee Yussuph," nilisema, "mbona hukusema siku ile? Ungesema hilo tu, mkutano mzima ungelia."

"Ndiyo maana sikusema."

"Nisamehe."

"Mkono, ishirini na nne," alirudia. Kisha akaupima tena mkono uleule, akataja namba ileile kwa mara ya tatu, na baba yangu, ambaye hajawahi kunyamaza dakika mbili maishani mwake, alibaki amenyoosha mikono, anamtazama juu ya kichwa rafiki yake aliyeinama.

"Itakuwa tayari lini?" baba aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Njoo Ijumaa."

Ijumaa baba alifika saa nane, Yussuph ndiyo kwanza ametoka msikitini, viatu vyake bado havina matope. Suti ilikuwa tayari. Nasema tena ili mnielewe, suti ilikuwa tayari, imepigwa pasi, imetundikwa kwenye msumari wa sita juu ya zile karatasi nne. Baba hakuijaribu. Alisubiri Yussuph afunike cherehani yake, akamshika mkono, wakateremka wote wawili chini ya mwavuli mmoja kwenda kwa Rahima, mstari wa tatu.